UZI: Pengwini sio saizi moja wakuu, kuna wa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza na kuna wa kimo cha rula

Mpiga Brashi (Mtwara mjini)

Habari za usiku wakuu, poleni na majukumu. Mimi kazi yangu ni michoro ya ukutani, nachora mashuleni, saluni, vibanda vya chipsi, popote hapa Mtwara na nikiitwa Mikindani au Lindi naenda na ndoo zangu za rangi.

Sasa hivi nina kazi kwenye chekechea moja hapa mjini, ukuta wa mita sita, mwenye shule anataka wanyama wa nchi za baridi, hasa pengwini wengi wengi watoto wafurahi. Nikapewa picha imeprintiwa, ndani yake pengwini nane kila mmoja na rangi zake na wote wamesimama mstari mmoja, wote urefu mmoja kama wapo paredi. Nikapiga chaki, nikawawekea wote sm 80, nikaanza kazi. Siku ya pili kukaja katoto ka miaka mitano hivi, kakasimama nyuma yangu kimya muda mrefu halafu kakaniuliza, "Mjomba, mtoto wao yuko wapi?"

Nikamwambia nitamchora kesho. Usiku nikaingia kwenye simu kutafuta mtoto wa pengwini anafananaje nisije nikadanganya watoto wa watu, hapo ndo nikakuta jambo ambalo limeninyima usingizi siku tatu na bando limekwisha. Kumbe kuna pengwini mtu mzima kabisa, ana mwenza wake ana mayai yake, urefu wake sm 30 na kitu tu! Na kuna mwingine anafika mita moja na sm 15 na wengine mpaka mita moja na 20. Ile picha imewasawazisha wote, kama vile uchore tembo na mbuzi kimo kimoja ukasema ndo wanyama wa Tanzania.

Nimeona nilete huku kwa sababu najua nimezeeka nikiamini pengwini ni mmoja, na nina uhakika wengi humu mnaamini hivyo hivyo.

Kwa hesabu ya wengi kuna aina 18 za pengwini. Nimechukua futi kamba nikaenda ukutani nikaweka alama moja moja kwa chaki, na niwaambie ukweli, ukisoma namba kwenye simu hazikuingii ila ukiziona ukutani unashtuka.

Alama ya juu kabisa ni ya pengwini kaisari. Huyu yuko Antaktika, kule barafu tupu. Sm 115 hivi, ni kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na kwa mlango wetu wa kawaida anapita kitasa. Uzito wake ni kati ya kilo 22 na 45 kutegemea msimu. Yaani akiwa ameshiba vizuri amebakiza kidogo alingane na mfuko wa saruji! Ndege huyo wakuu, ndege ana mabawa na manyoya anataga yai, halafu ukitaka kumbeba unaita mtu wa pili.

Anafuata pengwini mfalme. Huyu ndo anayechanganya watu maana rangi zake zinafanana sana na kaisari, ile njano ya shingoni, ila yeye ni sm 85 mpaka 95 na kilo 11 mpaka 16. Kwa uzito kwa kawaida hata nusu ya mwenzake hafiki. Haishi kwenye barafu kuu, anaishi visiwa vya kule kusini kama South Georgia, Crozet, Kerguelen na Macquarie.

Wa tatu jentu, mwenye kama kilemba cheupe kinachovuka kichwani kutoka jicho mpaka jicho, kilo 5 mpaka 8 hivi, na ndo mwenye mbio kuliko pengwini wote majini, kilomita 36 kwa saa, ni bodaboda ya mjini hiyo. Baada ya hapo kuna kundi kubwa la wa kimo cha sm 60 mpaka 70, Adeli, mwenye mkanda wa kidevu, makaroni mwenye nyusi za njano, wa Magellan, wa Humboldt, na wa kwetu Afrika ambaye nitamrudia. Chini yao wale waruka mawe, macho mekundu manyoya yamesimama kichwani, sm 50 hivi kilo mbili tatu. Halafu wa Galapagos, sm 49, kilo mbili na nusu.

Na wa mwisho kabisa ndo yule aliyeninyima usingizi, pengwini mdogo wa bluu. Yuko Australia na New Zealand. Sm 30 mpaka 33, kilo moja mpaka moja na nusu. Chukua rula ya shule isimamishe mezani, ndo yeye. Mfuko wa mchele wa kilo moja, ndo yeye. Kaisari mmoja mzito ana uzito wa hao wa bluu thelathini!

Sasa nimefuta kazi yote niliyofanya siku mbili, nimepaka nyeupe juu naanza upya kila mmoja kwa kimo chake halisi, ili mtoto akisimama pale ukutani ajipime nao. Lakini kabla sijaweka rangi nataka nijue KWA NINI wanatofautiana hivi, maana najua watoto wataniuliza. Karibuni mnisaidie.

---

Mtoto wa Shangani

Uzi mzuri mkuu ila si ni kama kuku tu? Kuna broila na kuna kienyeji, wote kuku, lishe ndo inawatofautisha. Huyo wa bluu labda huko aliko chakula hakitoshi.

---

Mpiga Brashi

Hapana kaka, na mimi nilidhani hivyo mwanzo. Broila na kienyeji ukiwaweka banda moja wanazaliana, ni aina moja. Hawa ni kama simba na chui na paka wa nyumbani, ukoo mmoja ila kila mmoja kivyake toka mamilioni ya miaka. Yule wa bluu hata umpe samaki ndoo nzima kila siku hatarefuka hata sm 5, pale ndo amekomaa. Ndo maana nikasema kinachoniuma ni kwamba watoto wakiona mkubwa na mdogo wanajua huyu baba na huyu mtoto, wakati hao hata hawajawahi kuonana, mmoja yuko Antaktika mwingine yuko fukwe za Australia.

---

Mwl Mstaafu

Nimefundisha fizikia miaka mingi huku Masasi na baadaye Newala, naomba nichangie kwenye hilo la kwa nini.

Mpiga Brashi, kesho asubuhi fanya hivi. Mwambie mama watoto akipika uji achote kikombe kimoja auweke mezani, na sufuria aiache pembeni bila mfuniko. Baada ya robo saa tia kidole kwenye kikombe, umeshapoa. Tia kwenye sufuria, utakitoa haraka. Uji ni ule ule, moto ulikuwa ule ule. Tofauti ni kwamba kikombe kina ngozi kubwa ukilinganisha na uji uliomo ndani.

Kwa hesabu. Chukua dadu ya sm 1 kila upande, ngozi yake yote ya nje ni sm 6 za mraba na ujazo wake ni 1. Sasa chukua ya sm 2 kila upande, ngozi ni 24 na ujazo ni 8. Yaani ya kwanza kila kipande kimoja cha ndani kina ngozi 6 za kupotezea joto, ya pili kila kipande kina 3 tu. Ukubwa unavyoongezeka joto linapata mlango mdogo wa kutokea. Kwahiyo mnyama mwenye damu ya moto akiwa mkubwa anatunza joto kirahisi, akiwa mdogo anapoa haraka. Mjerumani mmoja, Carl Bergmann, aliliandika hili mwaka 1847, kwamba ndani ya ukoo mmoja wa wanyama wa damu moto, wale wakubwa huwa wanaonekana sehemu za baridi na wadogo sehemu za joto. Pengwini ndo mfano unaotolewa sana, kaisari kwenye barafu, na yule wa Galapagos yuko pale pale kwenye mstari wa ikweta.

---

Nahodha wa Feri

Mwalimu shikamoo. Nakubali ya uji ila naomba nipinge kidogo. Tembo yuko Selous huko kwenye joto na ndo mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, mbona hajawa mdogo? Na huyo Adeli jamaa kasema ni sm 70, si nasikia na yeye anaishi huko huko Antaktika kwenye barafu? Mbona yeye hajawa wa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza?

---

Mwl Mstaafu

Marahaba Nahodha. Tembo usimlinganishe na pengwini, hiyo kanuni inataka ulinganishe ndugu kwa ndugu. Na yenyewe ni mwelekeo tu sio sheria kama ya mvutano wa dunia, kuna wanaoivunja. Ila la Adeli umenishika, ngoja mwenye uzi ajibu kama amelikuta.

---

Mpiga Brashi

Nimelikuta na ndo limenifurahisha kuliko yote, Nahodha asante kwa kuuliza.

Adeli kweli yuko Antaktika, na hilo jina ni la mke wa nahodha Mfaransa, Dumont d'Urville, aliyefika kule mwaka 1840, aliipa ile ardhi jina la mkewe Adèle na ndege naye akalirithi. Sasa Adeli anazalia kiangazi cha kule, anafika mwezi wa kumi hivi anajenga kiota cha kokoto, anatotoa, anakuza, ikifika mwezi wa pili wa tatu kashamaliza kaondoka zake baharini. Ule ubaridi mkali wenyewe anaukwepa.

Kaisari yeye anafanya kinyume. Wenzake wanapoondoka yeye ndo anafika! Anazaa katikati ya giza la kipupwe cha Antaktika, ambapo baridi inashuka mpaka digrii 40 chini ya sifuri na zaidi. Mama anataga yai moja tu mwezi wa tano au wa sita, analikabidhi kwa baba halafu anaondoka kurudi baharini kutafuta chakula. Baba analiweka juu ya miguu yake, analifunika na mkunjo wa ngozi ya tumbo, anasimama nalo siku 65 hivi. Hana kiota, hakai chini, hali kitu. Ukijumlisha na siku alizokaa kabla ya yai, kutoka siku ametoka majini mpaka siku anarudi kula tena inafika siku 115 hivi. Miezi karibu minne hajaweka kitu mdomoni zaidi ya theluji! Anaanza na kilo 38 hivi anamaliza na 23 hivi. Hizo kilo 15 zilizopotea ndo zilizomuweka hai.

Sasa jiulizeni, angekuwa na kilo nne kama Adeli, angetoa wapi hizo kilo 15? Ule ukubwa wake ndo ghala lake. Mwalimu kasema ukubwa unazuia joto lisitoke, mimi naongeza kwamba ni akiba pia. Na bado haumtoshi peke yake maana wanabanana mamia kwa maelfu kwenye duara moja wanapeana joto, wa nje wanasogea ndani kidogo kidogo na wa ndani wanatoka.

Mi nilipolisoma hili la baba na yai nilikaa kimya muda. Nimeshaamua kwenye ukuta kaisari wangu anakuwa baba, na kati ya miguu yake yai linachungulia. Yai lenyewe gramu 450 hivi, karibu nusu kilo.

---

Tikimaji

Asee hilo la siku 115 sikulijua. Ila swali dogo, kwa nini kila ukisoma namba haziendani? Sehemu moja wanasema pengwini wa Afrika sm 70, nyingine sm 60, nyingine 45. Nani anadanganya?

---

Mpiga Brashi

Hakuna anayedanganya dada, na hili limenisumbua sana mimi mtu wa futi kamba. Ndege wengi wanapimwa wamelazwa, kutoka ncha ya mdomo mpaka ncha ya mkia, huo unaitwa urefu. Sasa pengwini akisimama shingo anaivuta ndani, mdomo unaangalia mbele, mkia unagusa chini, kimo chake kinapungua sana. Halafu anaweza akajinyoosha ukashangaa kapanda juu. Na uzito nao unapanda unashuka, kabla ya kubadilisha manyoya wanakula mpaka wananenepa sana kwa sababu manyoya yote yanatoka kwa mkupuo na wakati huo hawawezi kuingia majini kuvua, wanakaa na njaa wiki kadhaa mpaka mapya yaote. Kwahiyo namba zote nilizotoa ni za kukadiria.

Na kitu kingine cha kwa wachoraji wenzangu kama mpo, ile miguu mifupi sio mifupi. Goti lipo, limefichwa ndani ya mwili. Yaani ni kama mtu amechuchumaa ndani ya kanzu muda wote.

---

Msafiri wa Kusini

Ngoja niseme nilichokiona kwa macho. Nimekaa Cape Town miaka sita nikitafuta maisha kabla sijarudi zangu Mtwara. Kuna mji unaitwa Simon's Town, treni inafika, na hapo kuna ufukwe unaitwa Boulders, mawe makubwa ya duara na mchanga mweupe, na pengwini wanatembea hapo hapo na watu wanawaangalia kutoka kwenye njia ya mbao. Hakuna barafu hata punje. Wanachimba mashimo kwenye mchanga chini ya vichaka wanalala humo kukwepa jua.

Nilipowaona mara ya kwanza na mimi nilidhani ni watoto! Nikamuuliza jamaa niliyekuwa naye, mama zao wako wapi? Akacheka sana. Akisimama anakufikia gotini hivi. Na kelele yao ndugu zangu, ni punda. Punda kabisa, ungefumba macho ungesema upo Lamu. Harufu nayo sio ya mchezo, soko la samaki saa nane mchana.

Wale walifika pale Boulders wenyewe, mwaka 1982 walianza jozi mbili tu, wakaongezeka mpaka wakawa maelfu. Kwahiyo mkuu kama unachora na wa Afrika usimuwekee barafu miguuni. Muwekee mchanga kama wetu wa Msimbati.

---

Mpiga Brashi

Msafiri umenipa kitu kikubwa sana. Nilikuwa nimeshaanza kupaka barafu ukuta mzima. Sasa nagawa ukuta, kushoto barafu, katikati mawe ya visiwa, kulia mchanga na jua.

---

Mama Wawili

Mie naomba kuuliza, mwenye shule si atataka na yule dubu mweupe? Kila katuni wanamuweka na pengwini.

---

Mpiga Brashi

Kashanitaka nimchore dada yangu na nimemwelewesha jana. Dubu mweupe yuko juu kabisa ya dunia na pengwini wako chini, hawajawahi kukutana porini. Adui wa pengwini kule kwenye barafu ni sili chui, mnyama wa baharini, anamvizia pale anaporuka majini. Amekubali, dubu anapata ukuta wake wa chooni upande wa pili.

---

Kijana wa Naliendele

Samahanini ila naona tunachosha, mtoto wa chekechea sentimita za pengwini za nini? Mchoree anayependeza alipwe aondoke, korosho zinaanza kuanguka kuna mambo ya kuzungumza.

---

Mpiga Brashi

Kaka nakuelewa, na ningeweza kufanya hivyo, hela ni ile ile. Ila huo ukuta utakaa miaka kumi. Kila mwaka watoto hamsini sitini watasimama pale, wengi wao ndo pengwini pekee watakayemuona kwa ukubwa wake maishani. Mimi nilidanganywa na picha nikafika umri huu. Kwa nini niwapitishie na wao?

---

Binti wa Lindi

Nami nachangia la ukubwa maana kwetu Lindi ukubwa tunaujua 😊 Pale Tendaguru Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi ya kale kuanzia 1909 mpaka 1913, wapagazi wakawa wanaibeba kwa miguu siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, na yule mkubwa yuko Berlin mpaka leo amesimamishwa kwenye makumbusho, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Babu zetu ndo walioichimba na kuibeba ile mifupa. Sasa nauliza, na hawa pengwini je, zamani hawakuwa wakubwa zaidi? Maana kwa wanyama wengi wa kale ndo ilivyokuwa.

---

Mpiga Brashi

Walikuwa! Binti wa Lindi nilikuwa nasubiri mtu aulize.

New Zealand, kule kule alipo yule mdogo wa bluu, wamekuta mifupa ya pengwini wa kale, wakamtangaza mwaka 2023 kwa jina Kumimanu fordycei. Alikuwepo miaka milioni 57 hivi iliyopita, baada ya hao mijusi wenu kuwa wameshapotea siku nyingi. Wanakadiria uzito wake kilo 150. Mifuko mitatu ya saruji. Huyo kaisari tunayemuona jitu ana kama robo yake tu. Fikirini ndege anayekuzidi uzito mara mbili anatoka majini anakufuata.

Na hakuwa peke yake, kumekuwa na pengwini wakubwa wa namna hiyo muda mrefu kisha wakapotea. Wataalamu wengi wanahisi ni kwa sababu sili na nyangumi wenye meno walikuja kujaa baharini wakagombea nao samaki na sehemu za kuzalia. Na oneni, kipindi hicho dunia ilikuwa na joto kuliko sasa, kwahiyo Mwalimu ile ya baridi haiwezi kueleza kila kitu.

---

Mwl Mstaafu

Kweli kabisa. Kuna sababu ya pili, kuzamia. Mwili mkubwa unabeba hewa nyingi kwenye damu na misuli, na kwa kila kilo unaitumia polepole. Ndo maana kaisari amepimwa akizama zaidi ya mita 500 na mfalme zaidi ya mita 300, wakati yule wa bluu kwa kawaida anavua kwenye kina kisichozidi mita ishirini. Mkubwa anafika kwenye samaki ambao mdogo hawaoni.

---

Nahodha wa Feri

Mita 500! Mimi nimevua miaka thelathini kutoka Msanga Mkuu mpaka Mnazi Bay, wapiga mbizi wetu wazuri wa pweza wanaenda mita kumi na kitu na akitoka masikio yanauma. Ndege anazama mita 500. Sina la kuongeza, mwalimu nimekubali.

---

Tikimaji

Kwahiyo mdogo kashindwa kila kitu, baridi haiwezi, njaa haiwezi, kuzama haiwezi 😔

---

Mpiga Brashi

Hapana Tikimaji, usimuonee. Mdogo anaishi na kidogo. Kisamaki kimoja kidogo kinamtosha muda, shimo dogo kwenye mchanga linamtosha, maji ya karibu na ufukwe yanamtosha. Kuna kisiwa kinaitwa Phillip kule Australia, kila siku jua likishazama wanatoka majini kwa vikundi, wanasubiriana kwenye mawimbi mpaka wawe wengi ndo wanakatiza mchanga kwa pamoja kwenda mashimoni, na watu wanakaa kimya wanawaangalia. Ile bluu yake mgongoni sio ya kupaka tu, akiwa majini anayemwangalia kutoka juu hamuoni.

Na kuna mmoja anayewashangaza watu kinyume chake, mtoto wa pengwini mfalme. Huyu analelewa zaidi ya mwaka mzima, anaota manyoya ya kahawia mazito kama blanketi, akinenepa anaonekana mkubwa kuliko mzazi wake aliyesimama pembeni. Mabaharia wa zamani walipowaona walidhani ni aina nyingine kabisa ya pengwini. Yule mtoto aliyeniuliza "mtoto wao yuko wapi" namchorea huyu, ili ashangae vizuri.

---

Kijana wa Naliendele

Sawa mkuu nimesoma yote mpaka hapa, nimerudi nyuma. Mlete na wa Afrika basi ulisema utamrudia.

---

Mpiga Brashi

Asante kaka. Huyu nilimuacha mwisho kwa makusudi maana kila nikimuandika naumia.

Pengwini wa Afrika, sm 60 mpaka 70 kwa kulazwa, kilo mbili mpaka tatu na nusu. Yuko Afrika Kusini na Namibia tu, hayupo popote pengine duniani, ndo pengwini pekee wa bara letu. Mwezi wa kumi 2024 wamemtangaza kuwa yuko hatarini kabisa kutoweka, jozi zinazozaa zimebaki chini ya elfu kumi. Tatizo kubwa ni dagaa. Anakula sadini na anchovy, wale wale ambao meli za uvuvi zinavuta kwa tani, na samaki wenyewe wamehama sehemu zao, pengwini anarudi kwa mtoto tumbo tupu.

Na hapa ndo saizi inarudi. Kaisari anaweza kukaa miezi karibu minne bila kula, nimeshasema. Huyu wa kilo tatu hana ghala hilo. Samaki wakisogea mbali kidogo tu na koloni, yaani pale wanapozalia kwa pamoja, yeye hana pa kukopa, inabidi amuache kinda. Udogo unaomfaa pale samaki wakiwepo karibu, ndo unaommaliza wasipokuwepo.

Machi 2025 mahakama kule Pretoria ilitoa amri ya makubaliano, uvuvi wa kibiashara wa hao samaki ukazuiwa kuzunguka makoloni sita. Nimefurahi sana niliposoma.

---

Msafiri wa Kusini

Hilo la makoloni nalijua, wazee wa kule wanasimulia mwezi wa sita mwaka 2000 meli inaitwa Treasure ilizama mafuta yakamwagika karibu na visiwa vya Robben na Dassen. Pengwini kama 19,000 waliloa mafuta, watu wa kawaida wakajitolea maelfu kuwaosha mmoja mmoja. Na wengine kama 19,500 ambao hawakuloa wakachukuliwa kwa malori wakapelekwa Port Elizabeth, mbali sana, wakaachiwa huko baharini, ili kipindi wanaogelea kurudi kwao huku mafuta yanasafishwa. Na walirudi wenyewe kwa kuogelea, karibu wiki mbili tatu.

Nahodha, hao wa kilo tatu. Kilomita mia kadhaa.

---

Nahodha wa Feri

Na sisi huku dagaa tunawajua. Wakikata miezi miwili Feri nzima watu hawasalimiani. Naelewa sana hali ya huyo ndege.

---

Mama Wawili

Mpiga Brashi umenitoa machozi. Huyo wa Afrika mchore wapi?

---

Mpiga Brashi

Kulia mwisho, karibu na mlango, chini kabisa. Nimepima, watoto wa chekechea wakisimama pale macho yao yanaenda sawa na ya kaisari upande wa kushoto, ila kwa huyu itabidi wachuchumae kidogo ndo waangaliane. Nimewaweka wawili, maana wanaishi jozi. Msafiri kama bado upo nisaidie kitu kimoja, picha za simu yangu rangi zinadanganya, usoni juu ya jicho pana rangi gani? Naona kama nyekundu, mwingine kama hana.

---

Msafiri wa Kusini

Ni pinki mkuu, ngozi tupu haina manyoya, juu ya jicho hapo. Joto likizidi damu inapita hapo kwa wingi ili ipoe, ndo maana mchana wa jua kali inaiva na asubuhi imefifia. Na kifuani ana mstari mweusi mmoja kama kiatu cha farasi na madoadoa, madoa hayafanani, kila mmoja na yake.

---

Mpiga Brashi

Basi wangu wako saa saba mchana. Asubuhi nachanganya nyekundu na nyeupe, madoa nayafanya tofauti kwa kila mmoja. Nikimaliza naweka picha humu, na futi kamba naiacha imechorwa pembeni yao kutoka sifuri mpaka 120.